Ugonjwa Usio na Ramani

Madaktari wa macho wa Baltimore wanaifahamu Kongwa kuliko wakazi wengi wa Dar es Salaam. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha mji huo wa Marekani wamekuwa wakienda na kurudi katika wilaya hiyo ya Dodoma, wakikagua kope, wakihesabu nzi kwenye nyuso za watoto na kuwauliza akina mama maji ya kunawia yanachotwa umbali gani. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la kuwanawisha watoto uso lililofanywa katika vijiji vya huko, na leo usafi wa uso ni mojawapo ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya vikope, yaani trakoma. Waingereza walijaribu kuijengea Kongwa jina kwa mradi wa karanga mwaka 1947 wakashindwa vibaya. Vikope vikafaulu.

Vikope vilipata watafiti na fedha kwa sababu vina ramani. Vinachagua mahali: penye ukame, vumbi, mifugo karibu na nyumba na ndoo moja ya maji kwa siku nzima. Rovu nalo lina ramani. Katika Tanzania liliziandama hasa nyanda za juu, ambako udongo na chakula vimepungukiwa madini joto, na jibu lake likaja kwa kiwango cha taifa: kwanza vidonge vya mafuta yenye madini joto katika miaka ya 1980, kisha kanuni za chumvi katikati ya miaka ya 1990. Ofisa anayeweza kuchora duara kwenye ramani anaweza pia kuomba gari, mafuta na posho.

Watoto wanaozaliwa na vifuko shingoni hawana duara la kuchorewa. Hawarundikani mahali pamoja. Mmoja yuko Mpwapwa, mwingine Manyoni, mwingine yuko Kondoa kwa bibi yake, na hakuna kinachowaunganisha: si maji, si chumvi, si mbu, wala kosa lolote la mama wakati wa ujauzito. Hakuna mradi utakaokwenda kuwatafuta kijiji kwa kijiji, na hata ungekwenda ungerudi na orodha fupi isiyomvutia mfadhili. Mradi wao, kama upo, ni daktari bingwa mmoja aliyekaa mahali pamoja miaka ya kutosha hadi matabibu wa wilaya zinazomzunguka wakalijua jina lake. Kwa maradhi ya namna hii, huduma ya mkoa mzima inaweza kuwa ni maisha ya kazi ya mtu mmoja. Huo ni msingi mwembamba, na inafaa tuutazame kwa karibu.

Kwanza maradhi yenyewe. Tezi ya thairoidi, ile inayovimba mtu akipata rovu, haiumbwi pale tunapoikuta. Mwanzo wake ni kwenye shina la ulimi, takriban wiki ya nne ya mimba, wakati kiumbe kizima hakijazidi sana ukubwa wa punje ya mtama. Kutoka hapo hushuka katikati ya shingo, hupita jirani kabisa na haioidi, mfupa mdogo wa umbo la herufi U unaoning'inia juu ya kongomeo bila kuungana na mfupa mwingine wowote, na kufikia wiki ya saba huwa imeshatulia chini, mbele ya koo. Njia iliyopitia ni mrija mwembamba, na mrija huo unatakiwa ufe. Kwa wengi hufa. Uchunguzi wa maiti za watu wazima umewahi kukuta mabaki yake kwa watu wapatao 7 katika kila 100, wengi wao wakiwa wameishi na kuzikwa bila kujua. Shida huanza pale ukuta wa kipande kilichobaki unapotoa ute, na ute ukakosa pa kutokea. Kifuko hujaa polepole. Mtoto akiwa na miaka miwili, au mitano, au kumi, mara nyingi baada ya mafua, mama anamwogesha na mkono wake unakutana na kitu cha mviringo chini ya kidevu, katikati kabisa.

Kipimo cha kwanza hakina bei. Mtoto anaambiwa atoe ulimi. Kwa kuwa kifuko kimefungamana na haioidi na shina la ulimi, ulimi ukitoka nje chenyewe hupanda. Akimeza mate kinapanda pia. Uvimbe wa tezi ya thairoidi hupanda mtu akimeza, lakini kwa kawaida hautikiswi na ulimi. Ugumu wa kipimo hiki ni wa adabu kuliko wa tiba: mtoto aliyelelewa vizuri hamtolei ulimi mtu mzima, sembuse aliyevaa koti jeupe. Madaktari wazoefu huanza wao.

Mambo huharibika kifuko kinapopata maambukizi. Ngozi ya juu yake inavutika na kung'aa, inakuwa ya moto, mtoto ana homa na hataki kula. Kwa macho ya mtu aliyefundishwa kutibu majipu, hili ni jipu. Linapasuliwa. Usaha unatoka, homa inashuka, mzazi anashukuru, na kadi inaandikwa kwamba mgonjwa amepata nafuu, jambo ambalo siku hiyo ni kweli. Wiki kadhaa baadaye kovu linafunguka na ute mzito unaanza kudondoka, unakauka, unadondoka tena. Sasa mtoto ana tundu shingoni, na bingwa atakayempokea atakuta tishu zimegandamana kwa makovu, mahali ambapo awali kila kitu kilikuwa kinatenganika vizuri. Kilichohitajika ni antibiotiki, pengine kuvuta usaha kwa sindano, na barua ya rufaa. Upasuaji wenyewe ungesubiri maambukizi yaishe.

Ni rahisi kumtupia lawama tabibu wa zahanati. Lakini mtu huyu anaona malaria, nimonia, kuhara, vidonda na wajawazito siku nzima, na katika miaka yake yote ya kazi huenda akakutana na kifuko hiki mara chache sana. Ugonjwa uliotawanyika hauachi kumbukumbu. Aliyepasua haoni matokeo, kwa sababu mzazi ambaye kidonda cha mwanawe kimefunguka kwa mara ya tatu hamrudii aliyekipasua. Anakwenda kwingine, na huko historia inaanza upya.

Na kabla ya zahanati wapo wengine. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto mwenye kikohozi kisichokoma bado anaweza kupelekwa kukatwa kimio, na mchanga anayeharisha akang'olewa yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni meno ya kawaida yaliyokuwa bado yanajiandaa kuota. Uvimbe wa shingoni nao hupata chale zake za wembe. Watu wa hospitali huwacheka mafundi hawa, na mara nyingi wana haki. Ila aliyeudhania jipu pale zahanati na fundi wa kimio wanafuata kanuni moja, kwamba kilichovimba kikatwe, na tofauti yao ni ganzi.

Jibu sahihi la upasuaji limejulikana kwa zaidi ya karne. Madaktari wa karne ya 19 walikitoa kifuko chenyewe tu, na kikarudi kwa takriban nusu ya wagonjwa. Mjerumani Schlange alipendekeza mwaka 1893 kwamba kipande cha kati cha haioidi kitolewe pia, na hali ikawa bora. Kisha mwaka 1920 Walter Ellis Sistrunk, daktari wa upasuaji wa Mayo Clinic huko Minnesota, akaeleza upasuaji ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake: ondoa kifuko, ondoa kipande cha kati cha mfupa, kisha endelea juu kuelekea shina la ulimi ukichukua nguzo nzima ya nyama inayoizunguka njia ya zamani. Aliacha kuutafuta mrija wenyewe kwa ncha ya kisu, kwa sababu juu ya mfupa ni laini mno, hukatika, na pengine huwa na matawi. Alichukua eneo zima ambamo alijua umo. Katika ripoti nyingi za upasuaji huo, kifuko hurudi kwa wagonjwa watatu hadi watano kati ya 100, au zaidi kidogo kwa wale ambao shingo zao zilishakatwa. Mtoto hahitaji ule mfupa uliotolewa. Anameza, anaongea na kuimba kama wenzake.

Kinachovutia katika upasuaji wa Sistrunk, ukiutazama kutoka Dodoma, ni jinsi usivyohitaji vitu vingi. Hakuna roboti. Vifaa vyake ni vile vya trei ya kawaida, pamoja na mkasi imara wa kukatia mfupa. Unachodai ni mtaalamu wa usingizi anayeweza kulinda njia ya hewa ya mtoto wa miaka minne, kwa kuwa kaputi ya mtoto ina nafasi ndogo sana ya makosa, na unamdai daktari aliyewahi kuufanya akiwa na mkubwa wake pembeni. Vyote viwili ni watu. Watu ndio wagumu kununua kwa zabuni.

Kipo kipimo kimoja ambacho hakifai kurukwa. Kuna watoto wachache ambao tezi yao haikushuka kabisa, au iliishia njiani, na uvimbe unaoonekana kama kifuko ndio thairoidi yao yote. Ukiutoa, umemwachia mtoto vidonge vya homoni kila siku hadi uzeeni, na akivikosa atadumaa mwili na akili. Kabla ya kisu, basi, mtoto anapigwa ultrasaundi kuhakikisha kwamba tezi ya kawaida ipo mahali pake. Ni kazi ya dakika chache. Mashine hizo zimeenea sana Tanzania, kwenye hospitali za wilaya na hata katika vyumba vya kupanga kando ya stendi, lakini zaidi zinatazama tumbo la mama mjamzito. Kuigeuza mashine hiyohiyo na kuielekeza shingoni hakuhitaji bajeti mpya. Kunahitaji mtu wa kuomba kipimo akijua anatafuta nini.

Vifuko vya pembeni mwa shingo ni hadithi nyingine. Hivyo ni mabaki ya matao na mifereji ya kiumbe tumboni, na karibu vyote hutokana na mfereji wa pili. Alama yake ya kawaida ni kitundu kidogo sana mbele ya msuli mkubwa wa shingo, upande wa chini, kinachotoa majimaji kama mate. Mzazi anaweza kudhani ni alama ya kuumwa na mdudu. Ndani, njia hiyo hupanda, ikapenya kati ya matawi mawili ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, ikaishia kwenye mafindofindo. Daktari anayeifuata lazima aifuate yote, na njiani anapita jirani na neva za ulimi. Hapa hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya haraka.

Halafu kuna ule uvimbe mkubwa, laini, wa mishipa ya limfu, ambao nusu au zaidi ya watoto wenye nao huzaliwa ukiwa tayari unaonekana, na wengine karibu wote unajitokeza kabla hawajatimiza miaka miwili. Ukiuwekea tochi ya simu kwenye chumba chenye giza, unapitisha mwanga. Mkunga anayempokea mtoto mwenye uvimbe huo ana swali moja la haraka, kama mtoto anapumua vizuri. Mengine yote yanaweza kungoja. Zamani ulikatwa, na kwa kuwa huzungukia mishipa na neva bila kuheshimu mipaka, mtoto alitoka na uso uliopooza au uvimbe ukarudi. Mwaka 1987 madaktari wa Japani walionyesha kwamba dawa inayoitwa OK-432, inayotengenezwa kwa bakteria, ikidungwa ndani ya vifuko inavifanya visinyae. Dawa hiyo ni ngumu kupatikana Afrika. Mahali pake wengi hutumia bleomisini, dawa ya zamani ya saratani. Sindano hizo huhitaji kurudiwa, na kurudiwa maana yake ni nauli. Hapo ndipo mtoto wa Itigi anapopotea kwenye daftari la kliniki.

Afrika Mashariki imewahi kuwa na daktari aliyejijengea jina kwa uvimbe wa usoni mwa watoto. Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, alifika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957 huko Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akamwona dirishani msichana mwenye uvimbe wa aina ileile. Akaanza kuuliza. Alichapisha vipeperushi vyenye picha na kuvisambaza hospitali za Afrika, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakaendesha gari kukuu la Ford karibu kilometa 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza swali lilelile: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Ramani iliyotokea ilifuata mwinuko, joto na mvua. Kwa ramani hiyo watafiti walielekezwa kwenye malaria, na sampuli alizotuma London zikawawezesha Epstein, Achong na Barr kukiona kirusi mwaka 1964. Saratani hiyo inaitwa kwa jina la Burkitt.

Kila daktari wa watoto wa Tanzania amesoma habari hizo, na ni sawa, kwani mtoto aliyevimba shingo Dodoma anaweza kuwa na saratani ya Burkitt, au kifua kikuu cha tezi, na vyote viwili ni vya haraka kuliko kifuko cha ute. Ila Burkitt alikuwa na bahati ambayo bingwa wa vifuko hatakuwa nayo kamwe: ugonjwa wake ulikuwa na mipaka. Angevifuatilia vifuko vya thairoidi kwa gari lilelile, kilometa zilezile, angerudi Kampala na majibu ya ndiyo kutoka kila hospitali na ramani nyeupe. Utafiti hauna pa kushika hapo. Imebaki huduma tu, na huduma haiitwi kwa jina la mtu.

Nyanda za kati zina uzoefu wa zamani wa namna umaarufu wa daktari unavyogawanywa. Mvumi, mwendo mfupi kutoka Dodoma mjini, kuna hospitali ya Anglikana ambako daktari Mwaustralia Paul White alifanya kazi kuanzia 1938 hadi 1941, kabla maradhi katika familia hayajamrudisha kwao. Huko akaandika vitabu vya watoto ambavyo vilimwita daktari wa msituni, vikatafsiriwa kwa lugha nyingi na kusomwa na mamilioni. Anayeijua Ugogo, na mibuyu yake, na miba yake, na mvua yake ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka kama mwaka ni mwema, atajiuliza msitu huo ulikuwa wapi. Wauguzi na matabibu Wagogo waliokuwapo kabla ya White, na wakabaki kwa miongo baada ya yeye kuondoka, hawakuandika vitabu. Walikuwa kazini.

Leo Dodoma si ile. Uamuzi wa kuihamishia serikali huko ulifanywa mwaka 1973, ukachukua miaka 43 kuanza kutekelezwa kwa dhati, kasi ambayo hata kliniki zetu za rufaa hazijaifikia. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, kikapata shule yake ya udaktari. Katika eneo hilo ikafunguliwa Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2015. Mwaka 2018 ikapandikiza figo, na mwaka 2023 ikapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Haya ni mafanikio ya kweli, na magazeti yaliyaandika kwa haki. Lakini upasuaji wa kifuko cha shingo hauitishi mkutano wa waandishi wa habari. Mtoto anaingia Jumanne, anatoka Alhamisi au Ijumaa akiwa na bandeji, na hakuna waziri anayehitajika.

Tuhesabu watu. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dodoma na wakazi 3,085,625, na Singida 2,008,058. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Kwa mikoa hii miwili tu, hao ni zaidi ya 1,000. Tanzania iliandika mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi mwaka 2018, mojawapo ya nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo. Mpango haukukosea kitu isipokuwa kalenda ya binadamu. Bingwa hapatikani kwa mwaka wa fedha. Anasoma udaktari miaka mitano, anafanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo, anasubiri ajira, anakaa wilayani, anarudi kusomea ubingwa wa upasuaji au wa masikio, pua na koo kwa miaka mingine minne hivi, katika hospitali za Muhimbili, KCMC, Bugando au kupitia chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Akitaka kubobea katika upasuaji wa watoto anaongeza tena. Anapoanza kusimama peke yake mbele ya shingo ya mtoto, ana miaka 35 au zaidi, ana wazazi wa kuwatunza, na ana simu kutoka hospitali binafsi za Dar es Salaam.

Ajabu ya mfumo wetu ni kwamba akiwa mzuri, anapandishwa. Anakuwa mkuu wa idara, kisha anaingizwa kamati ya manunuzi, kisha anakabidhiwa ofisi yenye kapeti na kazi ya kuidhinisha likizo za wengine. Ikama ya utumishi inaonyesha kwamba hospitali ina bingwa, na ni kweli inaye. Yuko ghorofa ya pili, kwenye kikao. Mikono iliyojifunza kwa miaka kumi na mitano kufuata mrija usioonekana sasa inashika muhuri. Hakuna aliyefanya ubaya wowote katika mlolongo huu, na mshahara wa ofisini ni mkubwa kuliko wa kliniki. Kama nchi inataka mtu abaki kwenye meza ya upasuaji hadi anastaafu, lazima meza hiyo ilipe sawa na ofisi. Mpaka sasa hailipi.

Tangu 2024 serikali imekuwa ikiwapeleka madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri kwa kambi za takriban wiki moja, maarufu kama madaktari bingwa wa Rais Samia. Kambi hizo huwafikia watu ambao barua ya rufaa haiwafikishi popote. Kwa mtoto wa jicho au ngiri zinafaa sana. Kwa kifuko cha shingo zinafaa zaidi kutambua kuliko kukata, kwa sababu kifuko kisipoisha vizuri hujionyesha baada ya miezi, wakati huo bingwa yuko mkoa mwingine na daftari lake limekwenda naye. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza safari ya kwenda Dar es Salaam hadi chini ya saa nne, na mzazi aliyepewa rufaa ya Muhimbili anaishukuru. Bingwa aliyeacha familia Dar naye anaishukuru, hasa Ijumaa jioni.

Fedha nazo zina utani wake. Sera ya nchi inawasamehe gharama watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Kifuko cha thairoidi kina tabia ya kujitokeza mtoto anapokaribia umri huo au anapokuwa ameupita, na kwa kuwa hakiumi, wazazi husubiri. Mtoto anayefika kliniki akiwa na miaka sita amechelewa kwa mwaka mmoja kitiba, jambo dogo, na kwa mwaka mmoja kifedha, jambo kubwa. Kulikuwa na Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, na wazazi wakaelekezwa kwenye usajili wa shuleni au vifurushi vya familia. Hoja ya mfuko ilikuwa kwamba wazazi wengi walisajili mtoto akishaugua. Ni kweli, hivyo ndivyo walivyofanya. Mwenye mtoto mzima alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge, likiwa hapohapo Dodoma, likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Katika haya yote, sehemu ya kazi ya bingwa isiyoonekana kwenye takwimu ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kubwa zaidi. Ni ile barua anayomwandikia tabibu aliyeleta mgonjwa, akimweleza alichokuta. Ni nusu saa anayowapa wanafunzi wa mwaka wa nne wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mtoto akiwa amekaa kwenye mapaja ya mama yake, kila mwanafunzi akiguswa begani ili aone kifuko kikipanda. Wengi wa wanafunzi hao hawatakuwa mabingwa wa shingo. Watapangiwa Bahi, Chemba, Mkalama, Ikungi, na siku moja watashika kisu mbele ya kitu kinachofanana na jipu. Bingwa aliyefundisha makundi kumi na mawili ya wanafunzi amewakinga watoto wengi kuliko aliowapasua, lakini fomu ya tathmini ya mwaka haina safu ya upasuaji ambao haukufanyika.

Safu hiyo ingeweza kuanzishwa bila mradi wala mfadhili. Daftari la chumba cha upasuaji lina jina, umri, ugonjwa, aliyepasua na aliyetoa usingizi. Kwa kila mtoto mwenye kifuko au tundu shingoni iongezwe mistari miwili: shingo hii imewahi kukatwa kabla, ndiyo au hapana, na kama ndiyo, wapi. Jina la aliyekata halihitajiki. Baada ya miaka mitano hospitali ya Dodoma ingejua barua za kufundishia zipelekwe wilaya zipi kwanza, na ofisa wa mkoa angekuwa na kitu cha kuchorea duara.